NILIMWANIKA ESTRELITA DUMLAO BILA KUMJUA

"Estrelita Dumlao anakaa nyumba ipi?"

Ndizi ya kukaanga ilinikwama kooni!

Pikipiki moja, wanaume wawili. Helmeti nyeusi, vioo vimeshushwa, namba ya usajili hakuna. Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri, jua la mwezi wa nne linachoma, mtaa mzima uko nje unajipepea.

"Dada, si nakuuliza wewe?" yule wa nyuma akarudia. "Estrelita Dumlao. Barangay Talisayan, Purok Tano. Si ndio hapa?"

"Ndio hapa... lakini huyo mtu hayupo."

"Amehama?"

"Hajawahi kuwepo! Mimi nimezaliwa hapa, kaka. Hapa kila mtu namjua. Hakuna Estrelita!"

Na haki ya Mungu, nilikuwa nasema ukweli ninaoujua.

Wakatazamana. Kisha wakaondoka polepole, wakisimama kila baada ya nyumba mbili tatu kuuliza. Niliwaona majirani wakitikisa vichwa mmoja baada ya mwingine.

Mimi nimebaki pale barabarani na kijiti cha ndizi mkononi.

Kwa sababu mtu simjui, lakini jina nalijua...

Jina lile nililiweka mtandaoni mimi. Alhamisi, saa tano asubuhi. Kwa kidole changu hiki hiki ninachoandikia sasa.

Jamani, kabla hamjaanza kunitukana, sikilizeni kwanza. Mkimaliza, tukaneni mnavyotaka.

Naitwa Ikay Manalastas, nina miaka ishirini na nne. Nyumbani walijua nina kazi ya kujibu maswali ya wateja mtandaoni. Uongo mtupu. Nilikuwa nalipwa kutukana watu.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la kujazia maji ya kunywa. Vijana kumi na mmoja. Kila mmoja ana simu nane mezani, kila simu ina laini yake, na kila laini ni mtu asiyekuwepo duniani.

Mimi peke yangu nilikuwa nesi anayefanya kazi Dubai, mwanajeshi mstaafu, na bibi wa kanisani anayeanza kila komenti na "Mungu awabariki wanangu" halafu anamalizia kwa kumwombea mtu kansa.

Juu ya hao wote, nilikuwa pia ukurasa mkubwa unaitwa Sauti ya Mkoa. Wafuasi laki mbili!

Kazi ilikuwa moja tu: kummaliza Wakili Quiambao.

Wakili Remedios Quiambao aligombea ugavana kwa upinzani. Watu wake walivaa zambarau. Watu wa gavana aliyepo walivaa rangi ya chungwa. Mwaka ule ukienda na zambarau kwenye sikukuu ya kuzaliwa ya mtoto wa chungwa, tambi zinapitishwa mbele ya pua yako na sahani hupewi.

Tulianza na meno yake. Tukaenda kwenye ndoa yake iliyovunjika. Tukakata video yake moja ya dakika arobaini, tukabakiza sekunde nane, ikaonekana anawacheka wakulima. Watu wakameza bila kutafuna.

Halafu tukapata neno tamu kuliko yote.

Mwasi.

"Wakili wa waasi wa milimani." Hiyo ilikimbia! Kwetu neno hilo si tusi la kupita tu. Ukishaitwa mwasi mtandaoni, kuna watu wanaona wamepewa ruhusa. Wanakuja wawili, na pikipiki isiyo na namba.

Nilijua? Nilijua. Msinitetee. Nilijiambia mimi naandika tu, anayefyatua ni mwingine.

Sasa, Alhamisi ile bosi wetu, Sir Dondon, akanitumia picha mpya. Juu kuna sura ya wakili, na kutoka kwake mistari myekundu inashuka kwenye majina saba. Kichwa cha habari: "MTANDAO WA WAASI WA QUIAMBAO. WAKO KATI YENU!" Wengine wana picha, wengine jina na barangay tu, yaani kata wanayokaa.

Jina la saba: Estrelita Dumlao, Talisayan, Purok Tano.

"Sir, huyu wa mwisho mmekosea," nikamwambia. "Purok Tano ni mtaa wetu. Hakuna mtu kama huyo."

"Una uhakika?"

"Asilimia mia."

"Basi wasiwasi wa nini?" Sir Dondon akatabasamu. "Kama hayupo, nani ataumia?"

Nikacheka. Wadau, nilicheka kabisa! Nikabonyeza.

Hadi muda wa chakula cha mchana ilikuwa imeshashewa mara elfu nne.

Sasa turudi barabarani. Jumamosi, saa tisa na robo.

Nilikimbia nyumbani. Tatay, baba yangu mzee Nestor, alikuwa kizingitini na simu yake, kama kawaida yake. Yeye ni tanod, mgambo wa barangay, na tangu kampeni zianze alikuwa chungwa mpaka soksi. Nanay, mama yangu, alikuwa ndani anamenya vitunguu.

"Nay! Unamjua mtu anaitwa Estrelita Dumlao?"

Nanay hakuinua hata kichwa.

"Si Ninang wako huyo."

"Ninang gani?"

"Una mama wa ubatizo wangapi mtaa huu, wewe? Baby! Estrelita ni jina lake la karatasini. Nililiandika mwenyewe kwenye fomu ya ubatizo wako."

Estrelita...

Ninang Baby!

Kwetu mtu hupewa jina la nyumbani angali kwenye nepi, na ndilo hilo hilo mpaka azeeke. Lile la karatasini linakaa kwenye cheti cha kuzaliwa, likisubiri jeneza. Ninang ana miaka hamsini na nane, ana mvi, ana magoti mabovu, na mtaa mzima unamwita Baby. Majirani waliotikisa vichwa hawakuwa wanamficha. Hawakujua, kama mimi.

Ninang Baby anauza ndizi za kukaanga pale kona. Nilipougua dengi nikiwa darasa la tatu, alikaa na mimi hospitali usiku nne ili Nanay alale. Mumewe alipofia kiwandani, ni Wakili Quiambao aliyesimamia kesi yake bila kumchaji, ndiyo maana alivaa zambarau. Waasi wa milimani atawajulia wapi? Huyu mama hata ngazi ya kanisa anapanda kwa kupumzika!

Na ile ndizi iliyonikwama kooni ilikuwa yake. Alinipa bure dakika chache kabla ya pikipiki kufika, akaniambia nimekonda.

"Baby?"

Ilikuwa sauti ya Tatay. Amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia kila kitu.

"Baby ndiye huyu?" Akageuza simu. Sauti ya Mkoa. Posti yangu. Majina saba. "Baby wetu ndiye huyu mwasi?"

"Tatay, hiyo ni uongo!"

"Wewe unajua nini? Wewe hata siasa hufuatilii."

Eti sifuatilii. Mimi!

"Miaka yote hii," akawa anasema peke yake. "Nimekula kwake. Nimempa mwanangu amshike. Na mimi ndiye mlinzi wa mtaa... nalinda nyoka!"

"Nestor, acha wazimu," Nanay akasema. "Ni Baby huyo."

"Baby ni jina la kujifichia!"

Akachukua rungu lake la utanod na filimbi, akatoka. Nikamsikia anaita nje, "Bitoy! Kuya Bitoy! Njoo uone! Iteni wenzenu!"

Kwa hiyo hesabu yangu ikawa hivi: Alhamisi nilimwanika kwa watu laki mbili wasiomjua. Jumamosi, kwa swali moja la kijinga, nikamwanika kwa wanaomjua.

Nikatokea mlango wa jikoni, nikakimbia. Huku nakimbia nampigia Sir Dondon.

"Sir, futa ile ya majina saba! Futa sasa hivi! Huyo mtu yupo! Ni Ninang wangu!"

"Ulisema asilimia mia hayupo."

"Nilikosea! Nakuomba, kuna watu wa pikipiki wamefika!"

Nikasikia mtu nyuma yake anacheka jambo lingine kabisa.

"Ikay, ile si yako tena wala yangu. Ni ya wananchi. Pumzika nyumbani wiki hii, eh?"

Akakata.

Nilimkuta Ninang anageuza ndizi kwenye karai. Nilikuwa nahema mpaka siwezi kuongea.

"Ninang... ondoka. Sasa hivi. Jina lako liko..."

"Nimeliona," akasema. "Tangu Alhamisi. Mpwa wangu alinitumia."

"Na bado upo hapa?!"

"Niende wapi?" Akaweka sukari kwenye mafuta. "Siku mbili silali, Ikay. Pikipiki ikipita nabana pumzi. Lakini nikajiambia, hapa hakuna anayejua mimi ni Estrelita. Hapa mimi ni Baby tu. Watu wangu watanificha bila hata kujua."

Nikataka kumwambia.

Halafu filimbi ikalia.

Walikuwa kama ishirini. Kuya Bitoy, kaka mmoja dereva wa bajaji, mama wa duka la vitu vya rejareja, vijana wa mpira wa kikapu, watu ambao kila Krismasi hupanga mstari kwa Ninang kupewa vikeki vya mchele. Mbele yao Tatay na rungu.

"Estrelita!" akaita.

Sijawahi kuuona uso wa mtu ukianguka vile. Mwiko uliganda hewani.

"Nestor... unaniitaje?"

"Jina lako. Ulilotuficha!"

"Nimekuficha? Mimi? Nimesimama na wewe kanisani na mwanao mikononi!"

"Bunduki umezifukia wapi?" Kuya Bitoy akapaza sauti kutoka nyuma.

"Bunduki!" Ninang akajaribu kucheka. "Mimi nina mwiko na karai, Bitoy. Unadaiwa ndizi mbili na mwiko huu huu."

Kwa sekunde moja nilidhani imeisha. Kuya Bitoy aliangalia chini. Mama wa duka akashusha mkono.

Kisha jiwe likatoka nyuma, sikuona nani, likapiga karai. Mafuta yakamwagika, yakaruka mguuni kwa Ninang. Akalia! Jamani, sauti ile mpaka leo nikifumba macho naisikia.

Nikaruka mbele yake.

"NI MIMI! Niliandika mimi! Sauti ya Mkoa ni mimi! Nalipwa kuandika, Tatay! Hakuna mwasi, hakuna mtandao wowote, nilitumiwa picha nikaweka! Hata sikujua Estrelita ni nani!"

Waliokuwa mbele wakageuka kumtazama Tatay.

Tatay alinitazama. Nikaona macho yake yanalowa, nikasema sasa ameelewa. Sasa atalishusha rungu.

"Wamekulipa nini, mwanangu?" akauliza taratibu.

"Nani?"

"Zambarau. Wamekulipa nini useme hivyo?"

"Anayenilipa ni upande wako, Tatay!"

"Ndivyo wanavyosema wote wakishanunuliwa."

Sentensi ile niliitunga mimi. Mwezi wa pili, nikiwa kwenye akaunti ya mwanajeshi mstaafu, kumjibu mwalimu mmoja aliyekuwa anatetea ukweli. Sir Dondon aliipenda, tukaitumia wote kumi na mmoja.

"Nitawaonyesha! Ngojeni!" Nikatoa simu, nikafungua ukurasa mbele yao wote, vidole vinateleza kwa jasho.

Nenosiri si sahihi.

Nikajaribu tena.

Nenosiri si sahihi.

"Mwongo!" "Kumbe na huyu ni wao!" "Nestor, mwanao!"

Wakasogea. Ninang alikuwa amenishika kiuno kwa nyuma.

Ndipo tukaisikia pikipiki.

Watu walipisha njia wenyewe. Watu wale wale waliokuwa wanapiga kelele za bunduki, sasa kila mtu macho chini, hata Tatay. Helmeti nyeusi. Vioo vimeshushwa. Ikasimama mita mbili kutoka kwetu.

"Estrelita Dumlao?" yule wa nyuma akauliza. Akashuka, akaacha kiti wazi. "Mama, panda."

"Usipande!" nikamng'ang'ania. "Ninang, ukipanda haurudi! Usipande!"

"Panda, mama. Hatuna muda."

Ninang aliwatazama. Kisha akatutazama sisi, uso mmoja mmoja. Bitoy. Mama wa duka. Wale vijana. Tatay. Mwisho mimi.

"Hawa siwajui," akasema. "Nyinyi nawajua."

Akatoa vidole vyangu kwenye mkono wake, kimoja kimoja, akachechemea mpaka kwenye pikipiki na mguu ule wenye malengelenge. Yule kijana akamvua kandambili iliyoganda mafuta, akamsaidia kupanda katikati yao. Wakaondoka.

Siku tisa, wadau...

Siku tisa sikujua kama Ninang wangu yuko hai. Kila asubuhi nilisoma habari za maiti zilizookotwa mkoani kwetu, nikitafuta mwanamke wa umri ule. Nyumbani hakuna aliyetaja jina lake, lile wala lile. Pale kona doa la mafuta lilibaki barabarani, watu wakawa wanalizunguka kama dimbwi.

Siku ya sita ujumbe ukaingia kutoka kwa Sir Dondon: "Tunaandaa picha nyingine. Safari hii majina manane. Kisia la nane."

Nilichukua nguo mbili na chaja. Niko wapi sasa hivi, hilo msiniulize.

Siku ya tisa namba ngeni ikapiga.

"Umekula?"

Kwetu ndivyo salamu ilivyo, na sauti ile ningeitambua hata kaburini.

"Ninang! Uko hai! Wale watu..."

"Ni vijana wa ofisi ya wakili. Walitumwa kututoa wote saba kabla ya wengine kufika. Namba ya pikipiki walitoa ili wasifuatwe. Walizunguka mtaa mzima wakiniulizia, wakaambiwa sipo."

Na wa kwanza kuwaambia hivyo nilikuwa mimi. Laiti ningeinua kidole kuonyesha kona, angeondoka saa tisa na dakika mbili na mguu wake mzima!

"Na wale wengine sita?" nikauliza.

Nikamsikia anahesabu taratibu, jina moja moja.

"Watano tu ndio waliotolewa," akasema.

Nikalia. Hakunikataza wala hakunibembeleza.

"Ninang, nisamehe."

"Ikay, siku ya ubatizo wako padre aliuliza, unamkataa shetani na hila zake zote? Nikasema, namkataa. Nilijibu kwa niaba yako, maana ulikuwa huna mdomo." Akavuta pumzi. "Sasa unao. Mimi sitakujibia tena."

Akakata simu. Namba ile haipatikani mpaka leo.

Basi siku tatu zilizopita niliandika ungamo langu, kwa jina langu kamili na sura yangu. Nilitaja kila akaunti niliyokuwa. Nesi. Mwanajeshi. Bibi wa kanisani. Watu wengi hawakuelewa, ndiyo maana leo nimewaeleza kwa kirefu.

Nawaomba kitu kimoja, wadau, wa zambarau na wa chungwa, na nyinyi wa huko mliko na rangi zenu. Mpinzani wako mpinge mpaka jasho likutoke. Lakini ukiona jina la mtu na mtaa wake, usilishee. Usijiambie simjui, au labda hayupo. Yupo. Kuna mtaa anaitwa jina lingine, na anakaanga ndizi, na anadhani majirani watamficha.

Ile posti ya majina saba bado ipo hewani. Imevuka shea elfu kumi na tisa.

Ungamo langu limepata sitini na moja. Jana nilizipitia zote, mtu mmoja mmoja, kuona nani ameniamini. Kwenye arobaini na ngapi sijui, nikaona picha ndogo ya mzee na filimbi shingoni.

Tatay! Tatay ameshea!

Nikafungua nisome alichoandika juu yake.

"Naomba dua zenu ndugu. Tazameni wenyewe, wamemnunua mpaka mwanangu."